Fizi za Tangawizi na viganja vyangu

Alhamisi, Julai 2013. Hasamba.

Upepo umevuma tangu alfajiri na bati la jikoni limegonga siku nzima. Ni kipupwe hasa, kile cha Mbozi ambacho mtu wa Muheza kama mimi hakizoei hata akae hapa miaka tisa. Ninaandika nikiwa na soksi mbili mbili miguuni na kitenge juu ya sweta. Jua bado halijazama.

Nianze na habari njema kwa sababu ni fupi. Paka wangu ni mzima.

Mimi si mzima.

Nina damu saba badala ya kumi na mbili, na hiyo saba yenyewe haikutimia. Nesi wa zahanati ameniambia kesho niende hospitali ya wilaya, Vwawa, nikaongezewe, na nisiende peke yangu. Niende na watu wawili wa kunitolea damu, maana iliyopo akiba ni kidogo. Alisema hivyo huku anaandika, kwa sauti ile ile ambayo mimi huwaambia wanafunzi waje na rula na penseli. Watu wawili. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nawatafuta kichwani, na nilipofika mlangoni sikuwa nimempata hata mmoja.

Lakini nisiruke. Haya yote yameanzia kwenye mdomo wa paka.

Mnaosoma ukurasa huu, ambao kwa hesabu ya mtandao ni sita na naamini wawili kati yenu ni mimi mwenyewe, mnamfahamu Tangawizi. Kwa mgeni niseme tu kwamba ni dume la rangi ya chungwa, ana miaka mitano, ana kiburi, na ndiye ninayeishi naye. Nilimpata Tunduma siku niliyokwenda kumtafuta mume wangu. Mume wangu alikuwa karani wa mizigo pale mpakani, akirudi Hasamba kila Ijumaa. Halafu ikawa Ijumaa moja moja. Halafu akavuka kwenda upande wa Zambia na hakurudi tena, na siku nilipokwenda kuuliza, wenzake walitazama viatu vyao. Nyuma ya kibanda cha mama mmoja wa Kizambia anayeuza kapenta, ndio dagaa kwa lugha ya mpakani, kulikuwa na vitoto vya paka ndani ya boksi la biskuti. Nadhani yule mama aliusoma uso wangu. Aliokota kimoja akaninyooshea. "Sendeni, bamayo," akasema, yaani chukua, mama. Nikachukua. Nilikwenda kutafuta mume nikarudi na paka, na kwa kweli paka ndiye aliyekaa zaidi.

Mwezi Machi mwaka huu Tangawizi alipiga miayo mbele yangu, nikaona madoa meusi kwenye ufizi wa chini. Yalikuwa matatu, madogo kama punje za ulezi. Kesho yake nikamfunua mdomo kwa nguvu, nikapata la nne. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia, na walimu wa Baiolojia tuna ugonjwa wetu: tukiona doa tunaona saratani. Nilipanda kichuguu kilicho nyuma ya madarasa, ndipo mtandao unaposhika, nikasimama pale na simu nikisoma kurasa za Wazungu kuhusu fizi za paka mpaka betri ikaisha. Kurasa zote ziliishia kwenye ushauri mmoja, kwamba nimpeleke paka kwa daktari wa meno wa wanyama. Hapa Hasamba hata sisi binadamu jino likiuma tunangoja liamue lenyewe.

Nikabaki na bwana mifugo wa kata. Ni kijana wa kutoka milima ya Itumba, mpole, yuko kwenye mabuti ya mpira saa zote, na kazi yake ni nguruwe na ng'ombe. Sijasikia mtu aliyempelekea paka. Nilijua nikionekana na paka pale ofisini watu watasema mwalimu ameanza kuchanganyikiwa kwa upweke, na sikutaka waseme jambo ambalo nilikuwa nalishuku mwenyewe. Basi nikamtia Tangawizi kwenye tenga la kuku, nikalifunika kwa kanga, nikaita bodaboda. Dereva akauliza, "Jogoo huyo, madam?" Nikasema ndiyo. Kwenye mteremko wa kwanza jogoo akalia nyau. Dereva aliendesha tu mpaka tulipofika. Alinishusha, akanikabidhi tenga kwa mikono miwili, akasema kwa heshima kabisa, "Jogoo wako ana mafua."

Bwana mifugo hakunicheka. Alimshika Tangawizi kwa ngozi ya shingo, akambinua mdomo kwa kidole gumba, akaniita nitazame naye. Madoa yale ni rangi tu, alisema. Paka wa rangi ya chungwa huota madoa kwenye fizi na midomo kadiri anavyokua, kama mtu anavyoota mvi. Yakiwa bapa, hayavimbi wala hayatoi damu, niyaache. Likija kuinuka moja kama chunjua, au likikua haraka, hapo ndipo nirudi.

Halafu akaongeza neno ambalo nimekaa nalo miezi minne.

"Mwalimu, wewe unaangalia kilichoongezeka. Angalia kilichopungua."

Mtu wa mifugo, akanieleza, haogopi ufizi wenye madoa, anaogopa ufizi uliopauka. Wafugaji wa kule bondeni Momba wakimwita, kabla hajauliza ng'ombe anakula au hali, anafunua kope na ufizi, kwa sababu kupe wakishaleta ugonjwa wa ndigana rangi hukimbia kabla mnyama hajaanguka. Paka ni hivyo hivyo. Viroboto wakizidi, minyoo ikizidi, au akila panya aliyekula sumu, ufizi ndio husema kwanza. Nikamuuliza kuhusu njano, maana nilikuwa nimeisoma kule kichuguuni. Akasema hiyo ni ini, usikae nayo. Na buluu? Buluu au kijivu ni paka asiyepata hewa, hata kikombe cha chai usikimalize. Mstari mwekundu kwenye shina la jino, pamoja na harufu mbaya, hayo ni ya meno. Yanangoja siku mbili tatu lakini hayangoji mwezi. Akanionya pia nisije nikamhurumia nikampa kidonge cha maumivu cha binadamu, hata nusu, kwani ufizi hugeuka rangi ya kahawa na paka unamzika. Nusu kidonge kilikuwa mkobani mwangu, nimekifunga kwenye karatasi.

Mwisho akanifundisha kubonyeza. Unaweka kidole kwenye ufizi, unabonyeza mpaka pawe peupe, unaachia, unahesabu. Ukifika mbili, rangi iwe imesharudi.

Tangu siku hiyo, kila jioni nikimaliza kusahihisha madaftari, Tangawizi hupanda mapajani, nami humfunua mdomo. Nabonyeza. Moja, mbili. Rangi inarudi. Namsifu, ananing'ata kidogo, tunaachana. Kuna siku ambazo hiyo "moja, mbili" ndiyo maneno pekee niliyotamka tangu nitoke shuleni.

Jumatatu ya wiki hii alianza kudondosha chakula. Anaokota kapenta, anatafuna upande mmoja, anaitema, anaitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea. Jumanne udenda ukawa unamtiririka. Jana nilimfunua nikakuta ufizi wa juu kushoto umekuwa mwekundu kama nyanya, na harufu iliyotoka mle sitaieleza. Nikabonyeza upande mzima; rangi ilirudi vizuri. Kwa hiyo damu anayo, nikajiambia, ni mambo ya jino. Lakini sikulala vizuri. Mtu mwenye watoto wanne anaweza kuwa na hofu robo robo. Mimi hofu yangu yote ina mtu mmoja, na mtu huyo ana mkia.

Leo baada ya kipindi cha pili nilimwomba mkuu wa shule ruhusa. Nilimwambia nina mgonjwa. Hakuuliza mgonjwa gani, nami sikumwongezea.

Bwana mifugo alikuta mwiba wa samaki. Ule mwembamba, urefu wa ukucha, umejichomeka kati ya jino na ufizi. Alinitaka nimshike. Nikamviringisha Tangawizi kwenye kanga kama mtoto mchanga, nikamkaba kichwa, naye akaingia na koleo ndogo akauvuta kwa mkupuo mmoja. Damu ilitoka kidogo, akapaosha kwa maji ya chumvi, basi. Siku tatu za kukosa usingizi zikaishia kwenye kitu ambacho ukikiangusha chini hukioni tena. Nikaanza kucheka. Halafu ukuta ukaanza kuzunguka, nikakaa juu ya gunia la pumba za nguruwe bila kukaribishwa.

Alikuwa ananawa mikono. Nikamwona ameacha kunawa, anatazama mikono yangu iliyokuwa imemshika paka. Aliitazama muda mrefu kuliko adabu ya hapa inavyoruhusu.

"Samahani, mwalimu," akasema. "Naomba kiganja."

Nikakifungua. Akaweka chake kando ya changu. Akamfunua Tangawizi mdomo tena, upande ule mzima, tukatazama vyote vitatu. Kiganja chake kilikuwa na rangi ya mtu. Ufizi wa paka ulikuwa na rangi ya paka mwenye afya. Changu kilikuwa kama unga wa muhogo.

"Mimi ni wa mifugo," akasema, "mdomo wako sina ruhusa nao. Lakini ungekuwa ng'ombe, nisingekuacha urudi malishoni."

Alibeba tenga mwenyewe, akanisindikiza mpaka zahanati, ambayo iko ng'ambo tu ya barabara. Alimwambia nesi maneno mawili matatu kwa sauti ya chini, akaniwekea tenga miguuni, akaondoka. Nesi akanivuta kope la chini, akaguna, akanichoma kidole. Mengine nimeshayasema.

Sasa niungame, kwa kuwa hapa ndipo mahali pangu pa kuungamia.

Mwezi uliopita nilisimama mbele ya Kidato cha Pili nikaandika ubaoni dalili za upungufu wa damu. Uchovu. Moyo kwenda mbio. Kuishiwa pumzi. Weupe wa viganja, kope na fizi. Hamu ya kula vitu visivyo chakula. Wakati wanafunzi wananakili, nilifungua droo ya meza, nikavunja kipande cha udongo ninaonunua Mlowo siku za gulio, nikakitafuna taratibu nikiwa nimewapa mgongo. Natafuna udongo tangu mwaka jana. Nauficha chini ya rejista ya mahudhurio. Mganga hajigangi, wanasema, lakini mganga wa kwenye methali sidhani kama alikuwa anaziandika dalili zake ubaoni kwa chaki huku anazitafuna.

Kila dalili nilikuwa nimeshaipa jina, na majina yote yalikuwa baridi. Vidole vyeupe ni baridi. Miguu isiyopata joto hata chini ya blanketi mbili ni baridi. Nikiishiwa pumzi kupandisha kutoka mtoni, ni hii milima, sisi watu wa tambarare hatukuumbiwa milima. Dada yangu Muheza akinipigia simu tunacheka, namwambia baridi ya Mbozi imeninyonya mpaka nimekuwa mweupe, nikirudi mtanifananisha na Mzungu. Anacheka sana. Mtu wa huku asingekosea hivyo, maana baridi ni yake na anajua inachoweza na isichoweza kufanya. Mimi niliisingizia kila kitu.

Na hedhi. Tangu mwaka jana inakwenda siku tisa, siku kumi, na mabonge. Nimeshakata kanga mbili vipande. Sijamwambia mtu kwa sababu moja rahisi: sijui ningeanza na nani.

Chakula nacho. Jioni namchemshia Tangawizi kapenta, na siku wakichinja namnunulia maini kidogo, kwa kuwa nilisoma kwamba maini huongeza damu. Yeye akishakula, mimi nakunywa chai ya rangi na mkate. Nani anasonga ugali wa mtu mmoja?

Nimekagua fizi za paka miezi minne, na sikuwahi kujifunua mdomo wangu mbele ya kioo.

Leo nimejifunua. Nimerudi kutoka zahanati, nikamfungulia Tangawizi, akaenda moja kwa moja kwenye bakuli akatafuna pande zote mbili bila hata kunishukuru. Mimi nikasimama dirishani na kioo cha mkononi, nikavuta mdomo chini. Fizi zangu zina rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Nilibonyeza ili nihesabu, nikakuta hakuna cha kuhesabu, maana kabla sijabonyeza palikuwa peupe tayari.

Nililia kidogo. Kufa sikukufikiria sana. Nililia kwa sababu ya wale watu wawili.

Shuleni tuko walimu wanne. Mkuu ana presha, mmoja ananyonyesha, mmoja yuko masomoni, wa nne ni mimi. Dada yangu yuko mwendo wa siku mbili. Bwana mifugo amenitendea wema wa kutosha kwa siku moja, na nitamwombaje damu mtu ambaye jina lake la ukoo silijui? Anabaki jirani, Mama Neema, ng'ambo ya ua wa minyaa. Yeye na mumewe ni wakulima wa kahawa, Wanyiha wa hapa hapa tangu babu, watu wenye nguvu zao. Kila asubuhi ananisalimu kwa Kinyiha, nami namjibu kwa Kiswahili. Miaka tisa.

Na kwa Mama Neema nina deni lisilolipika kwa sukari wala sabuni. Hapa mtu hapimwi kwa salamu, anapimwa kwa misiba. Msiba ukitokea unaacha jembe, unakwenda, unabeba maji, unachambua maharage, unalala chini na wenzio, hata kama marehemu hukumjua. Mwaka juzi alifariki mama mkwe wa Mama Neema. Nilituma neno kwamba nina homa.

Sikuwa na homa.

Sikwenda kwa sababu niliogopa kuingia nyumba iliyojaa watu kisha nirudi kwenye nyumba hii. Nilikuwa nimeshazoea ukimya wangu, na niliona nikikaa siku tatu katikati ya wanawake wanaobanana kwenye mkeka mmoja, ukimya ule nitashindwa kuurudia. Kwa hiyo nilifunga mlango wa jikoni nikakaa na paka. Siku tatu nilisikiliza nyimbo zao za kanisani zikipita juu ya minyaa. Baada ya pale Mama Neema aliendelea kunisalimu, lakini hakuniita tena uani kuchukua mahindi mabichi wala mboga za maboga. Sikumlaumu. Ningejilaumu mimi, kama ningekuwa mtu wa kujiangalia.

Saa kumi hivi nilizunguka ua nikaenda. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilijiambia njiani, na mguu ukawa unasogea. Nilimkuta anageuza kahawa kwenye vichanja, mikono inakwenda na kurudi juu ya mbegu. Kulikuwa na harufu ile chachu ya maganda ya kahawa ambayo kila Julai huingia mpaka kwenye nguo. Nilimsalimu. Nikafungua mdomo niombe damu, nikajisikia naomba kitu kingine.

"Mama Neema, naomba unilishie paka siku mbili tatu. Nakwenda Vwawa."

"Paka atakula," akasema bila kuacha kugeuza. "Hata panya wapo. Vwawa unalala kwa nani?"

"Hospitali."

"Unakwenda na nani?"

Mikono yake ikasimama juu ya kahawa, akaniangalia. Nilishika nguzo ya kichanja, na maneno yakatoka yote bila mpangilio: damu saba, mwiba wa samaki, watu wawili, bwana mifugo, siku kumi, udongo. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikaungama na lile la homa. Nilisema, ule msiba wa bibi sikuwa naumwa, nilikaa ndani tu.

"Tulijua," akasema Mama Neema. "Tulisikia harufu ya chapati. Mtu wa homa hapiki chapati."

Ningeweza kuzama chini ya vile vichanja. Ni kweli nilipika chapati. Nilikuwa nimesahau kwamba upepo unavuka ua.

Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo ameshaimaliza zamani. Alisema mama mkwe wake hakunihitaji, yeye alikuwa ameshalala. "Mimi ndiye niliyekuwa naangalia mlangoni," akasema. "Kila akiingia mtu naangalia, labda mwalimu." Kisha akafuta mikono kwenye kitenge chake na kuongeza, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba tangu Pasaka ananiona nikitoka mtoni naitua ndoo mara tatu. Zamani nilikuwa siitui. Alimwambia Baba Neema, mwalimu anaumwa. Baba Neema akamwambia, kamuulize.

"Nikamwambia yule hapendi kuulizwa."

Mimi nilidhani hakuna anayeniona. Miezi yote hii nilikuwa nahesabu rangi ya paka, na ng'ambo ya ua kuna mtu alikuwa anahesabu ndoo zangu.

Akamwita mumewe. Walizungumza Kinyiha, haraka, na katika yote yale nilikamata neno "mwalimu" peke yake. Baba Neema alivua kofia, akanitazama kwa aibu kidogo, akauliza tunaondoka saa ngapi. Ni hilo tu aliloliuliza. Watakwenda wao wawili, na kaka yake Mama Neema wa kitongoji cha juu atakuja pia, endapo mmoja wao akipimwa akaonekana hafai. Watu watatu. Nesi alisema wawili. Nilitaka kusema asante, nikabaki nimeshika nguzo.

"Damu yetu nzito, mwalimu," akasema Baba Neema. "Ukishawekewa usishangae ukaanza kulima."

Mama Neema alinirudisha mpaka mlangoni kwangu ameshika kiwiko changu, jambo ambalo hakuna mtu amelifanya tangu nihamie hapa. Hakuingia. Alichungulia tu, akaona meza, madaftari, kiti kimoja. Alikitazama kiti kile kwa muda. Kisha akaniambia leo nisifunge komeo. Atapita kabla ya kulala, na atapita tena alfajiri, aone kama napumua. Nikamwambia sitapata shida, mimi nimezoea. Akasema hakuniuliza nimezoea nini. Nikifunga, atamwita Baba Neema avunje mlango, na mlango ni mali ya serikali, nitakwenda kujieleza mwenyewe kwa mkuu wa shule.

Begi liko tayari. Nimeweka kanga mbili, mswaki, kadi ya zahanati, na kile kifuko cha udongo nimekitupa chooni kabla sijabadili mawazo. Kapenta za paka ziko kwenye kopo dirishani, na chumvi sikuzitia. Jua linazama sasa nyuma ya mibuni ya jirani na vidole vyangu vinakataa kuandika zaidi.

Mlango wangu una komeo mbili. Ya pili niliiongeza mwenyewe, mwaka ule mume wangu alipoacha kurudi, na sijui nilikuwa namzuia nani. Leo zote mbili ziko wazi. Upepo unausukuma mlango, unafunguka kidogo, unajirudisha. Bado mapema, Mama Neema hawezi kuwa amekuja saa hizi, atakuwa bado anafunika kahawa yake.

Lakini kila mlango ukifunguka nainua kichwa.